Kamera iliyokuwa ikizimika kila giza likiingia

Kwa siku tisa mfululizo kamera ya getini ilifanya kazi vizuri kuanzia alfajiri hadi jua linapozama, kisha ikaanza kusumbua. Ilizimika, ikajiwasha, ikatoa picha kwa muda wa sekunde ishirini hivi, ikazimika tena, na mchezo huo ukaendelea hadi kulipopambazuka. Asubuhi ilikuwa nzima kabisa.

Waya niliuvuta mwenyewe. Kutoka kwenye adapta iliyokuwa ndani ya nyumba hadi getini ni mita 28, nami nilikuwa na roli la waya wa simu lililobaki kwenye kazi nyingine: nyaya mbili ngumu za shaba, gamba safi, na ubavuni mwa boksi pameandikwa 0.5. Sikuutumia kwa kukurupuka, nilipiga hesabu kwanza. Kibandiko cha kamera kilisema volti 12, wati 8. Ukigawanya 8 kwa 12 unapata theluthi mbili za ampea. Waya wa namna ile unabeba ampea moja bila hata kupata joto la kuhisi mkononi. Nikaridhika: mkondo mdogo, waya mwembamba, kazi imekwisha.

Kuhusu joto nilikuwa sahihi. Usiku nilipoushika waya ule, kamera ikihangaika, ulikuwa baridi. Ndiyo maana zilipita siku tisa kabla sijautilia shaka.

Siku hizo tisa nilizitumia kwa mambo mengine. Nilibadilisha adapta. Nikaishusha kamera, nikaileta mezani, nikaichomeka kwenye adapta moja kwa moja na kuzima taa za chumba. Ikafanya kazi usiku kucha bila kutikisika. Nikairudisha getini, jioni ikazimika. Hapo mtu mwingine angeutazama waya mara moja, na mimi nilijaribu. Nilichomoa plagi ya kamera pale getini, nikagusisha ncha za multimita kwenye plagi, nikasoma 12.1. Volti zote zimefika! Nikauondoa waya kwenye orodha ya watuhumiwa, na kosa hilo ndilo lililonigharimu muda mrefu kuliko yote.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee. Alikuja alasiri, jua likiwa bado kali. Nikamwambia kwa saa ile hataona kitu, maana tatizo ni la usiku.

"Usiku tutautengeneza hapa hapa, mwanangu," akasema. Kisha akauliza, "Ulipopima, kamera ilikuwa imechomekwa?"

"Hapana, Mzee. Niliichomoa ili nipate pa kugusisha multimita."

"Basi ulipima waya uliopumzika. Upime ukiwa kazini."

Akachukua kisu kidogo, akakwangua gamba la kila waya sehemu isiyozidi punje ya mchele, karibu na plagi, kamera ikiwa imewaka. Akanipa ncha za multimita nizishike. Namba ikasoma 10.7. Kumbe hata mchana, kamera ikionekana nzima, volti moja na ushee ilikuwa inapotea njiani. Kisha Mzee akavua kofia yake na kuifunika nayo kamera yote. Ndani ya kamera kikasikika kitu kidogo kikigonga, "tik", na pembeni mwa lenzi vinukta vyekundu hafifu vikaanza kuonekana: taa za infraredi, zile zinazoiwezesha kamera kuona gizani. Namba mkononi mwangu ikaanza kuteremka. 9.8. 8.6. 7.1. Vinukta vikazimika, namba ikaruka hadi 12.1, ikakaa hapo kidogo, kisha kamera ilipoanza kuamka ikarudi 10-na-kitu. "Tik." Ikateremka tena.

Niliitazama namba ile ikipanda na kushuka mara tano au sita. Mzee hakusema neno, alishikilia kofia yake tu.

Kilichotokea kinaelezeka kwa hesabu fupi, na tangu siku hiyo sijawahi kuvuta waya bila kuifanya. Kila waya una ukinzani, yaani unauzuia umeme kidogo unapopita, na ukinzani huo hupimwa kwa omu. Shaba ya kawaida ina ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa kila mita moja ya waya wenye mkato (eneo la shaba unaloliona ukikata waya) wa milimita moja ya mraba. Waya ukiwa mrefu, ukinzani unaongezeka. Ukiwa mnene, unapungua. Na mkondo unapopita kwenye ukinzani wowote, volti fulani zinabaki njiani, sawasawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Hiyo ndiyo kanuni aliyoichapisha Georg Simon Ohm mwaka 1827, na haibagui kati ya saketi kubwa na ndogo.

Waya wangu ulikuwa na urefu wa mita 28, lakini umeme hauendi tu, unarudi pia. Unakwenda kwa waya chanya na kurudi kwa waya hasi, kwa hiyo njia yake ni mita 56. Watu wengi huisahau nusu hii ya pili, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Halafu kuna ile 0.5 kwenye boksi, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini kwa sababu namba hii imewaponza wengi. Niliisoma kama milimita 0.5 za mraba, yaani ukubwa wa mkato. Kwenye nyaya za simu na za kengele, mara nyingi namba hiyo ni kipenyo: milimita 0.5 kutoka upande mmoja wa waya hadi mwingine. Waya wenye kipenyo cha milimita 0.5 una mkato wa milimita za mraba 0.196 tu. Waya wa milimita za mraba 0.5 una kipenyo cha karibu milimita 0.8. Vyote viwili vinaandikwa 0.5, ila kimoja kina shaba mara mbili na nusu ya kingine. Siku hizi nikiona namba bila alama ya mraba pembeni yake, natoa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, na kupima kipenyo mwenyewe, kisha nazidisha kipenyo kwa kipenyo na kwa 0.785. Jibu ndilo mkato.

Sasa weka vyote pamoja: 56 mara 0.0175, gawanya kwa 0.196. Unapata omu 5. Omu tano zilikuwa zimekaa katikati ya adapta na kamera.

Mchana kamera ilikuwa inakula wati 3 hivi, mkondo wa ampea 0.28, na 0.28 mara 5 ni volti 1.4. Toa kwenye 12.1, inabaki 10.7, namba ile ile niliyoiona kabla ya kofia kushuka. Usiku taa za infraredi zikiwaka, kamera inataka wati 8. Na hapa pana jambo ambalo sikulijua kabisa, nalo ndilo linalofanya vifaa vya kisasa viwe wakali kwa nyaya nyembamba. Taa ya zamani ya waya wa moto ukiipunguzia volti inafifia tu na kuvuta mkondo mdogo zaidi, inavumilia. Kamera ndani yake ina kigeuza umeme kinachohakikisha saketi zake zinapata wati zake zilezile. Volti zikipungua, chenyewe kinavuta ampea zaidi ili kufidia. Ampea zikiongezeka, volti nyingi zaidi zinapotea njiani. Zikipotea, kinavuta zaidi tena. Ndiyo sababu namba ilikuwa inateremka kama mtu anayeteleza mlimani, badala ya kusimama mahali fulani.

Nilipokaa baadaye na karatasi nikagundua kwamba kamera ile isingeweza kuwaka usiku hata iweje. Ukiwa na volti 12.1 upande mmoja na omu 5 njiani, wati nyingi kabisa zinazoweza kutokea upande wa pili ni 7.3. Unazipata volti za mwisho zikiwa nusu, yaani takriban 6, na mkondo ukiwa ampea 1.2. Ukijaribu kuvuta zaidi ya hapo, volti zinashuka upesi kuliko mkondo unavyopanda, na wati zinapungua badala ya kuongezeka. Mimi niliutaka waya ule upitishe 8. Hata ningeweka adapta ya ampea kumi, jibu lingekuwa lile lile.

Tulivuta waya wa moja na nusu, yaani milimita za mraba 1.5. Ukinzani wa njia nzima ukashuka hadi omu 0.65, na kamera ikiwa chini ya kofia namba ikasimama 11.6. Ukiniuliza, 0.5 ya kweli, ile ya mraba, ingetosha? Ingewaka. Hesabu inatoa kama volti 10.6 usiku. Ila kifaa kinachopoteza asilimia kumi na mbili ya volti zake siku waya ukiwa mpya na maungio yote yakiwa safi hakina akiba yoyote. Waya ukipita juu chini ya mabati, shaba ikiwa na nyuzi joto 60 badala ya 20, ukinzani unaongezeka kwa karibu asilimia 16. Maungio yakipata kutu, unaongezeka tena. Mimi nisingelala vizuri.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza kwanza kwenye saketi ndogo limebadilika. Zamani niliuliza, "Waya huu unabeba ampea ngapi?" Swali hilo ni la joto, na kwenye volti 230 yenye mzigo mkubwa ndilo la kwanza kwa haki yake. Kwenye volti 12 au 5 yenye umbali, nauliza, "Naweza kukubali kupoteza volti ngapi njiani?" Nikishajua hilo, mengine ni kuzidisha na kugawanya. Umbali kutoka adapta hadi kifaa mara mbili, mara ampea za juu kabisa, mara 0.0175, gawanya kwa volti nilizokubali kupoteza. Kinachotoka ni mkato katika milimita za mraba. Kisha napanda hadi saizi inayofuata inayouzwa: 0.5, 0.75, 1, 1.5, 2.5, 4. Sishuki kamwe, hata kama jibu ni 0.78 na roli la 0.75 liko mkononi.

Nasisitiza ampea za juu kabisa kwa sababu kibandiko huwa hakisemi kila kitu. Kamera ina usiku wake. Kufuli la umeme linavuta kwa nguvu pale tu linapofunguka. Pampu ndogo au feni inapoanza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi, na kama muda huo mfupi unatosha kuzima kifaa jirani, umepata tatizo la kukimbizana nalo.

Chukua mfano wa ukanda wa taa za LED wa wati 24, ulio mita 10 kutoka kwenye adapta. Kwa volti 12 ni ampea 2. Nikikubali kupoteza nusu volti: 20 mara 2 mara 0.0175, gawanya kwa 0.5, napata 1.4. Navuta moja na nusu. Taa hizo hizo zikiwa za volti 24, mkondo ni ampea 1, na kwa uwiano ule ule naweza kukubali kupoteza volti nzima. Jibu linakuwa 0.35, navuta 0.5. Kuongeza volti mara mbili kunapunguza shaba inayohitajika mara nne. Nilipolielewa hili niliacha kuona volti 24 kama usumbufu wa kutafuta adapta nyingine. Pale ambapo umbali ni mrefu na sijanunua kifaa bado, naanza hapo kabla ya kufikiria waya.

Mtu anaweza kusema: basi kwenye volti 230 taa ya wati 24 inavuta sehemu ya kumi tu ya ampea, na waya wa 0.5 ungepoteza chini ya sehemu ya kumi ya volti. Mbona mafundi wa nyumba wanavuta moja na nusu kwa taa? Niliuliza swali hilo hilo, na jibu lake likanifikia kwa njia nisiyoipenda.

Nilikuwa na betri ya gari ndani ya boksi la chuma, ikiendesha vitu vidogo vidogo. Juu ya mfuniko nikaweka kioo kidogo cha kuonyesha volti. Kioo kile kinavuta ampea 0.02. Nikakifunga kwa nyaya mbili nyembamba kama uzi wa kushonea, kutoka moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Hesabu ya volti ilikuwa safi, hakuna kilichopotea. Nikakosa kufikiria ukingo wa chuma ambao waya chanya ulikuwa umelala juu yake, na mfuniko uliokuwa ukifunguliwa na kufungwa kila siku.

Siku moja nikiwa naufunga, nikasikia harufu kabla ya kuona chochote, ile harufu kali ya plastiki inayoungua ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Kisha moshi mweupe. Nilipoufungua mfuniko, waya ulikuwa mwekundu kwa urefu wa kiganja, gamba lake limeyeyuka na kushikamana na nyaya zingine mbili zilizopita jirani. Ulikatika wenyewe ndani ya muda mfupi, na bahati hiyo ndiyo iliyookoa boksi. Mkono wangu haukuguswa. Nilikaa chini kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Betri ile inaweza kutoa mamia ya ampea kwenye shoti. Haikujua wala haikujali kwamba mimi nilikusudia 0.02. Mzigo ndio unaoamua volti zitapotea ngapi siku ya kawaida, lakini siku gamba linapochubuka, kinachoamua ni chanzo cha umeme na fyuzi iliyo mbele yake. Fyuzi ipo kwa ajili ya kuulinda waya. Kifaa kina mambo yake mengine. Kwa hiyo fyuzi inakaa karibu kabisa na betri, si upande wa kifaa, na ukubwa wake hauzidi kile ambacho waya mwembamba kuliko zote unaoufuata unaweza kuvumilia. Kioo changu sasa kina fyuzi ya nusu ampea iliyo kiganja kimoja kutoka kwenye kichwa cha betri, na waya unapita kwenye mpira pale penye ukingo.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Waya wa taa una fyuzi au swichi ya kujikata nyuma yake inayoruhusu ampea kadhaa, na waya unatakiwa uishi chini ya ulinzi huo, siyo chini ya wati 24 za taa moja. Pia unavutwa kwenye mapaipu, unakunjwa, unabanwa na skrubu, na uzi mwembamba hukatika hapo. Kanuni za kimataifa za IEC 60364 zinataka shaba isiyopungua 1.5 kwa nyaya zisizohamishika za nguvu na taa, hata mkondo uwe mdogo vipi.

Kuna upande wa pili wa fyuzi ambao karibu unipite. Rudi kwenye waya wangu wa simu wenye omu 5. Kama shoti ingetokea getini, mkondo ungekuwa 12.1 gawanya kwa 5, yaani ampea 2.4 tu. Fyuzi ya ampea 5 isingekatika kamwe. Waya ungeendelea kumeza wati 29 usiku na mchana. Zikisambaa kwenye mita 56 hazileti joto la kutisha. Lakini kama nusu ya waya imebaki imezungushwa kwenye roli nyuma ya kabati, joto lote linakusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo kwenye waya mrefu na mwembamba napima pia shoti ya mwisho wa njia itavuta ngapi, nahakikisha fyuzi ni ndogo vya kutosha kuikata, na waya unaobaki naukata.

Kuhusu ubora wa shaba nitasema machache. Zipo nyaya zinazouzwa zikiwa na rangi ya shaba nje na alumini ndani. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo moja na nusu yako inageuka moja. Ukikwangua kwa kisu unaona weupe chini ya wekundu. Usiichanganye na shaba iliyopakwa bati: hiyo ni nyeupe nje na nyekundu ndani, na ni waya mzuri. Roli la alumini pia ni jepesi mkononi kwa namna isiyo ya kawaida. Nikiwa na mashaka nafanya hivi: naunganisha nyaya mbili za roli la mita 100 kwenye ncha ya mwisho, napitisha ampea moja kutoka mwanzo, napima volti hapo mwanzo. Moja na nusu ya nyuzi iliyo halali chini ya IEC 60228 haizidi omu 13.3 kwa kilomita, kwa hiyo kwa mita 200 za njia nzima multimita haitakiwi kuonyesha zaidi ya volti 2.7 hivi. Ikionyesha 4, naurudisha mzigo.

Kwa nyaya zinazoandikwa kwa vipimo vya Kimarekani, AWG, kumbuka tu kwamba namba inapopungua waya unanenepa. Namba 24 ni kama milimita za mraba 0.2, namba 18 ni kama 0.82, na kila ukishuka namba tatu mkato unakuwa karibu mara mbili.

Maungio nayo yanastahili neno, kwa sababu nimewahi kuvuta waya mnene na bado volti zikapotea. Lilikuwa ungio moja la kusokota na tepu, ndani ya boksi lililoingia unyevu. Namna ya kulipata ni kuweka ncha moja ya multimita kabla ya ungio na nyingine baada yake, kwenye waya ule ule, kifaa kikiwa kinafanya kazi. Ungio zuri linasoma karibu na sifuri. Lile lilisoma 0.9. Nusu inchi ya shaba iliyooza ilikuwa inakula volti nyingi kuliko waya mzima wa mita ishirini.

Baada ya hayo yote nilielemea upande wa pili, nikawa navuta mbili na nusu kila mahali kwa hofu. Haikuwa busara. Kwenye kadi ndogo ya kudhibiti geti, tundu za skrubu zilikuwa za waya wa milimita moja ya mraba, na ili ile mbili na nusu iingie nilikata nusu ya nyuzi zake. Nyuzi zilizobaki zilikaa kwa kubahatisha, moja ikatoka nje na kugusa skrubu ya jirani, na uzito wa waya wenyewe ukawa unaivuta kadi. Njia niliyobaki nayo ni kuvuta waya mnene katika umbali wote hadi kwenye boksi dogo la maungio karibu na kifaa, kisha kumalizia kwa kipande kifupi chembamba kinachoingia kwenye tundu bila kulazimishwa. Sentimita 20 za waya wa 0.75 zinaongeza ukinzani usiofika sehemu ya mia ya omu kwenda na kurudi. Umbali ndio unaokula volti, kipande kifupi hakidhuru, ilimradi fyuzi iliyo nyuma inakilinda na hicho pia.

Na kazi nyingine hazihitaji waya mnene kabisa. Kitufe, kihisi cha mlango, waya wa kupeleka ishara tu, vyote hivyo vinapitisha mkondo mdogo mno kiasi kwamba omu tano hazina maana. Kinachotakiwa huko ni gamba zuri, uimara wa kutokatika wakati wa kuvuta, na kutochangia waya hasi na mzigo mkubwa. Niliwahi kuunganisha kihisi cha kina cha maji na pampu kwenye hasi moja. Kila pampu ilipowaka, tangi lilionekana limejaa ghafla, kwa sababu volti zilizopotea kwenye hasi kwa ajili ya pampu zilijiongeza kwenye usomaji wa kihisi. Nilivuta waya wa pili, mwembamba tu, kwa ajili ya kihisi peke yake. Usomaji ukatulia.

Ule waya wa simu sikuung'oa getini. Bado uko kwenye paipu ile ile, kando ya moja na nusu inayolisha kamera. Nimeufunga kwenye kitufe cha kengele, ambacho kikibonyezwa kinapitisha ampea 0.01. Mara omu 5, inapotea volti 0.05. Kwenye ncha zote mbili nimebandika kipande cha tepu nyeupe na kuandika kwa kalamu ya wino usiofutika: kipenyo 0.5, mkato 0.2, mita 28, kengele tu.